Mama Maelezo na Uzi wa Dhahabu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Pale hospitali kubwa, tangu mkurugenzi hadi mlinzi wa geti la nyuma, kila mtu alimwita Mama Maelezo, kwa sababu alikaa nyuma ya meza yenye kibao kilichoandikwa MAELEZO, na kwa sababu maelezo alikuwa nayo. Meza ilielekea mlango mkuu. Aliyeingia amebeba mtoto, bahasha ya eksirei au chakula cha mgonjwa, uso wa kwanza kukutana nao ulikuwa wake.

Watu wengi hudhani kuelekeza njia ni kunyoosha kidole. Kama ni hivyo, basi na kupika ni kuwasha moto. Mama Maelezo aliwadharau kabisa wale wanaosema nenda mbele kidogo, kata kulia, utaona. Utaona nini? Mtu aliyeletwa hospitali na maumivu hana kulia wala kushoto, ana maumivu basi. Kwa hiyo yeye alimpa mtu vitu vya kushika kwa macho na masikio. Aliyetafuta wodi ya mifupa aliambiwa aende na ukuta wenye madirisha mpaka alione benchi lililovunjika mguu mmoja, limeegemezwa tofali. Hapo atasikia watoto wanalia, asiogope, ni chumba cha chanjo. Akiacha kuwasikia atazame mlango uliobanduka rangi chini kwa kugongwa na machela. Ndio huo.

Akimaliza hakumwachia mtu aende zake. "Haya, nirudishie," alisema, na mtu alilazimika kuirudia njia yote kwa mdomo wake mwenyewe: benchi, tofali, watoto, mlango. Aliyekosea alianzishiwa upya, foleni inung'unike isinung'unike. Kuuliza si ujinga, aliwaambia, ujinga ni kuitikia ndiyo wakati hujaelewa. Wapo waliomwona ana kiburi. Wapo pia waliopita mezani kwake siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, wakamshukuru kana kwamba yeye ndiye aliyewatibu, na shukrani hizo alizipokea bila kuzikataa.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na hata nyumbani aliitwa Fundi. Maisha yake ya kazi aliyapitisha ndani ya mashimo ya majengo marefu, akipanda na kushuka gizani na tochi kichwani, mpaka siku moja lifti aliyokuwa akiitengeneza ikamshusha bila kumuaga. Alipelekwa wodi ya mifupa, na mkewe hakuhitaji kuelekezwa. Alitoka hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kama mtu aliyeazimwa miguu ya mwingine. Wakamtandikia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Fundi hakulalamika, na afadhali angelalamika. Mkewe alirudi kutoka kazini amejaa habari za waliopotea na waliofika, akamsimulia, naye akajibu "mh." Binti yao, aliyeolewa mbali, aliisikia hiyo "mh" kwenye simu, na baada ya hapo akatuma boksi kwa basi. Ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu na gemu moja. Mama Maelezo aliligeuzageuza boksi akasema mtoto amekosa la kutuma, baba yake si mtoto wa shule. Fundi aliomba kisu akate mikanda ya boksi.

Gemu lenyewe lilikuwa nchi nzima. Nchi ya kubuni yenye milima na misitu, mazimwi mabondeni, majoka yamelala juu ya magofu, na katikati ya yote hayo mpanda farasi mmoja ambaye ndiye wewe. Malkia wa nchi hiyo amerogwa, amelala katika Mji wa Taa nyuma ya milima, na mpanda farasi anatakiwa afike akamwamshe. Ili asipotee, waliolitengeneza gemu walimpa uzi wa dhahabu, yaani mstari unaong'aa juu ya ardhi mbele ya kwato za farasi, unaopinda pa kupinda na kukomea pa kwenda. Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na ramani ndogo ya duara, na juu yake namba iliyopungua kadiri ulivyokaribia.

Jioni ya kwanza Mama Maelezo alisimama nyuma ya kitanda na beseni lake la nguo, akamtazama mumewe akiivuka nchi ile ya ajabu. Bwana huyo aliutazama uzi tu. Alipita chini ya maporomoko ya maji, hakuinua macho. Alimpita mwanamke wa jicho moja anayeuza mishumaa kando ya daraja. Mwanamke akafungua mdomo amwambie jambo, mwenzake keshaondoka. Mkewe alipomuuliza pale walipopita palikuwa na nini, alifikiri kidogo, akasema palikuwa na uzi.

"Yaani umetembea nchi ya watu umeangalia vidole vya miguu," akamwambia. "Zima hicho kitu."

Fundi akasema kikizimwa watapotea. Mkewe akamjibu kwamba hajawahi kuona mtu akipotea mbele ya Mama Maelezo. Wakahangaika na mipangilio ya mashine mpaka wakaupata uzi, wakauzima, wakazima na ramani pamoja na namba yake. Na ile nchi, ambayo mpaka hapo ilikuwa mstari mmoja wenye mapambo pembeni, ikawa pana pande zote, na farasi akasimama hajui aende wapi.

Ikawabidi waulize. Wakarudi darajani kwa muuza mishumaa. Maneno yake yalitokea chini ya skrini kwa lugha ya kigeni, ambayo Fundi aliisoma kwa kudonoadonoa, basi mkewe akayasoma kwa sauti na kuyatafsiri. Fuata mto mpaka usikie kinu cha maji. Kinu ukikiacha mgongoni, tafuta mlima uliopasuka kichwa, na usiuache utoke machoni mpaka ufike kwenye mawe matatu yaliyosimama. Mama Maelezo akaliweka beseni chini akakaa kitandani. Huyu mwanamke, alisema, kazi anaijua.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa hivyo. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Haya, nirudishie tulipofikia," na Fundi akamrudishia. Yeye alishika rimoti, mkewe akashika njia. Walikipata kinu, na ndani yake mtu asiyeonekana alikuwa akiimba peke yake, wimbo mwembamba wa mtu anayefanya kazi. Basi kila walipopita hapo walimsimamisha farasi wakasikiliza mpaka uishe. Mvua ikinyesha kule, Mama Maelezo aliivuta shuka akamfunika mumewe miguu, miguu isiyojua baridi, na hakuna kati yao aliyecheka. Jirani alipomuuliza kama siku hizi Fundi anatoka nje, nusura aseme ndiyo, tunatoka naye kila jioni. Alikuwa na furaha, na aliijua kuwa ni furaha wakati ule ule, jambo ambalo si kawaida ya binadamu.

Ndipo hospitali ikapata mkurugenzi mpya. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana angekuwa jeuri angetukanwa yakaisha. Alikuja mwenyewe mpaka mezani, akaamkia, akaeleza kwa upole kwamba hospitali inakwenda na wakati. Wiki iliyofuata walikuja wapaka rangi, wakachora mistari sakafuni kutoka mlango mkuu: bluu kwenda maabara, nyekundu kwa wazazi, njano kwa eksirei, kijani kwa mifupa. Meza ikaondolewa. Kibao kiling'olewa kikawekwa mahali, hakuna aliyejua wapi. Mama Maelezo akahamishiwa stoo ya mashuka, nyuma ya chumba cha dobi, apokee machafu na kutoa masafi. Mashuka hayaulizi njia.

Alisubiri ile mistari ishindwe. Ni dhambi kumwombea mgonjwa apotee, lakini aliomba. Alipita koridoni na toroli lake la mashuka akiwaangalia watu, akitafuta hata mmoja aliyesimama anazungukazunguka, na hakumpata. Walikwenda vichwa chini, mmoja nyuma ya mwingine, hawasalimiani, hawalioni benchi wala dirisha, na walifika. Walifika haraka kuliko zamani. Foleni ya mlangoni iliisha kabisa. Dobi, mzee mwenye mzaha, alimkunjia shuka akamwambia mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mama Maelezo alilipokea shuka lile akaliweka kwenye rafu.

Ikabaki jioni. Sasa alikuwa akitoka kazini karibu mbio, na ukingo wa kile kitanda ukawa ndio meza yake. Alipokuwa zamani akiongoza, sasa aliamrisha. Fundi akisita kidogo tu alianzishiwa upya kama mgeni wa foleni. Na Fundi naye alianza kupotea. Mtu aliyekuwa akiishika njia kwa kuambiwa mara moja, sasa alichanganya kinu na daraja, akauacha mlima uliopasuka ukamtoka machoni, akarudi nyuma akidhani anakwenda mbele. Walipofika kwenye mawe matatu, ambapo njia hugawanyika, walikwama hapo jioni baada ya jioni. "Sasa wapi, mama?" aliuliza, na mkewe akaguna, akashika kiuno, akapanga upya. Binti alipopiga simu aliambiwa kwamba bila mama yake, baba yake hafiki hata mlangoni. Mama Maelezo alilisema akicheka, na kwa siku nzima hicho ndicho kilikuwa kicheko chake pekee.

Siku moja walipuliza dawa ya kunguni stooni, wafanyakazi wakaruhusiwa kuondoka mchana. Mama Maelezo alifungua mlango wa nyumba polepole asimwamshe mgonjwa. Hakuwa amelala. Kutoka chumba cha mbele kulikuwa na mlio wa kwato, na haukuwa ule mwendo wa kusitasita anaoujua, ni farasi aliyekuwa akikimbia hasa. Akachungulia kwenye upenyo wa mlango.

Uzi wa dhahabu ulikuwa unang'aa mbele ya farasi. Mpanda farasi alivaa joho na silaha ambazo yeye hakuwahi kuziona. Walipita kinu, wimbo ukasikika na kubaki nyuma. Walifika kwenye mawe matatu, farasi hata hakupunguza mwendo, akakata kulia kati ya miamba miwili, akaingia pangoni na kutokea upande wa pili; na huko, ngazi juu ya ngazi mpaka kileleni, taa kwa maelfu. Mji wa Taa. Fundi hakusimama kuushangaa. Aliingia kama mtu anayeingia kwake, walinzi wakampisha, akapanda hadi ukumbini, na malkia, ambaye hakuwa amelala tena, akanyanyuka kitini kumlaki. Alishaamshwa zamani. Mashine ile huhifadhi safari zaidi ya moja: kulikuwa na safari yao wawili, ambayo mpanda farasi wake maskini alikuwa bado amesimama kwenye mawe matatu, na kulikuwa na hii nyingine, ya Fundi peke yake, ya mchana.

Lakini kilichomkata maini si malkia wala taa. Ni uso wa mumewe. Ulikuwa ule uso aliokuwa akirudi nao jioni enzi za mashimo ya lifti, uso wa mtu aliyemaliza kazi yake akafika nyumbani, na yeye alidhani uso huo ulikufa pamoja na miguu.

Alirudisha mlango taratibu akatoka. Alisimama kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule, akajifanya anachagua madaftari mpaka mwenye duka akamwonea huruma na kumletea kiti. Saa yake ya kawaida ilipofika akarudi, akakohoa mlangoni, akavua viatu. Uzi ulikuwa umeshazimwa. Mpanda farasi maskini alikuwa kwenye mawe matatu.

"Haya, nirudishie," akasema.

"Tuko kwenye mawe matatu," akajibu Fundi. "Hatujui pa kwenda."

Mama Maelezo akakaa ukingoni. Akamwambia aende kushoto, kinamasi kikiwa mbele yake, kisha akamtaka arudishe. Fundi akarudisha: mawe matatu, kushoto, kinamasi mbele. Akamgeuza farasi. Maji yakafika magotini, yakafika tumboni, yakafika shingoni, na Fundi akaendelea kubonyeza mbele bila kunung'unika, kama mgonjwa anayemeza dawa mbele ya nesi. Mkewe alimwacha. Alimwacha mpaka farasi akazama, mpanda farasi akazama, na skrini ikawa nyeusi.

"Ulijua ni kulia," akasema.

Fundi akaiweka rimoti kifuani. Hakuuliza amejuaje. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoiondoa meza yako."

Akamweleza, macho yakiwa kwenye skrini nyeusi, kwamba mwanzoni halikuwa jambo gumu. Mkewe alikuwa akirudi amekunjamana, haongei, lakini yeye akikosea njia kidogo tu, sauti yake inarudi, rangi yake inarudi. Basi akakosea. Alidhani ni kwa wiki moja hivi, mpaka machungu yapoe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yake ilikuwa haiishi, na kila alipotaka kuikatisha alimsikia akicheka na binti kwenye simu, akairefusha tena siku moja.

Mama Maelezo alikuwa na hasira, na hasira yake ikashika pale ilipoweza kushika. Alisema huo uzi umemfanya kipofu. Alisema amekipita kinu, wimbo wote ule, kama mtu anayepita jalala. Amepewa nchi nzima naye ameila kama kidonge. Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Wewe unataka nione," akasema. "Nimeona, mke wangu. Nalala hapa kutwa, kazi yangu ni kuona. Mimi nataka kufika. Mara moja kwa siku, mahali popote, niondoke na nifike. Halafu jioni unakuja wewe, narudi kwenye mawe." Akapumua. "Nimechoka kupotea."

Mwanamke aliyekuwa na maneno kwa kila mlango wa hospitali nzima aliinua rimoti kutoka kifuani kwa mumewe, akaingia kwenye mipangilio, akauwasha uzi mwenyewe, akamrudishia mkononi. Fundi akasema asante. Safari ile waliyoihangaikia miezi iliisha kabla birika halijachemka: mawe, miamba, pango, taa. Mama Maelezo aliona malkia akiamka. Alikuwa mzuri, kama malkia wote. Baadaye akaondoka kwenda kuosha vyombo, na Fundi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye uzi mwingine kuelekea mahali pengine, hakugeuka.

Kesho yake aliingia hospitali kwa mlango mkuu. Tangu ahamishiwe stoo alikuwa akipitia geti la nyuma, na hakujua mwenyewe kwa nini siku hiyo alipita mbele. Pale ilipokuwa meza, vigae vilikuwa vyeupe kuliko vingine, na mistari ilikatiza juu yake. Kijana mmoja mwenye mfuko wa nguo za mgonjwa alikuwa amesimama hapo hapo, mistari yote minne imepita chini ya viatu vyake, anatazama huku na huku.

"Shikamoo mama," akamwambia. "Samahani, wodi ya mifupa iko wapi?"

Njia yote ikampanda kooni. Ukuta wenye madirisha, benchi, tofali, kilio cha watoto, mlango uliogongwa na machela, mlango ambao yeye mwenyewe aliupita akimfuata mumewe. Benchi lilikuwa bado lipo. Kutoka pale aliliona, na tofali lake.

"Marahaba," akasema. "Fuata mstari wa kijani."

Kijana akangoja kidogo, kama mtu anayetegemea kuongezwa. Hakuongezwa, wala hakuambiwa arudishe. Akashukuru, akainamisha kichwa, akaenda. Mama Maelezo alisimama juu ya vile vigae vyeupe akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Alifika, bila shaka. Siku hizi wote wanafika.